Mwenye Bata Aje

Bi Sabiha alimkamata yule bata kwa mikono yake mwenyewe, alfajiri, kwenye jaruba la chini, kanga ameikunja mpaka magotini. Bata alikuwa ameshiba kupita kiasi. Alijaribu kuruka, akapigapiga mabawa juu ya maji, halafu akakaa tena kama mtu aliyezidisha pilau ya watu. Sabiha akamdaka, akamtia kwapani, akapanda naye mpaka nyumbani. Alimfunga mguu kwa kamba ya katani kwenye nguzo ya jiko, akanawa matope, akamtuma bintiye Shadya azunguke kwa majirani kutangaza kwamba kuna bata kwao, na mwenye bata aje.

Mumewe Hatibu alitokea baadaye kidogo. Zamu ya kuamia ndege ilikuwa yake, na nywele zake zilikuwa zimelala upande mmoja, upande uleule aliolalia kwenye dungu la kulindia mpunga.

"Mama Shadya," alisema, "huyu si ni bata mwitu?"

"Ndiye."

"Na unamtafutia mwenyewe?"

"Namtafutia."

Hatibu alichuchumaa akamtazama bata. Uso mweupe, shingo nyekundu ya udongo, macho ya kiburi. Bata naye akamtazama, akapiga mluzi.

"Mimi naona mwenyewe ni sufuria," alisema Hatibu.

"Tazama mguu kwanza. Halafu nenda kaoge, maana ulilala wakati huyu anakula mpunga wangu, na wala usiniambie ulikuwa umefumba macho unaomba dua."

Mguuni bata alikuwa na pete ya chuma, imechongwa namba na maneno madogomadogo. Hatibu alipoiona aliacha habari za sufuria, maana sasa mambo yalikuwa mengine.

Kijijini Mwera kuku wote wanazurura, na kila nyumba ina kitambaa chake. Kuku wa Bi Sabiha wana vipande vya kanga nyekundu miguuni, wa jirani wana vyeupe, wa ng'ambo ya barabara vya buluu. Kuku akiingia kwenye mpunga wako ulioanikwa, humpigi mawe na humchinji. Unamkamata, unamfunga, unapeleka habari. Mwenyewe atakuja uso umemshuka, amebeba mpunga kwenye bakuli kufidia ulioliwa, mtaongea habari za watoto, ataondoka na kuku wake. Asiye na kitambaa ni wa aliyemkamata. Mwenye kitambaa ana mtu wa kujibu. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna anayethubutu kuivunja.

Na bata wale wa mwituni, waliokuwa wakila mpunga wa bonde lile tangu enzi za mabibi bila mtu wa kumlalamikia, sasa mmoja wao alikuwa na alama mguuni. Bi Sabiha hakuona kwa nini asijibiwe.

*

Si kwamba mwanamke huyu alikuwa mgomvi. Alikuwa amebanwa. Bonde alilolima halikuwa lake wala la mumewe, lilikuwa la wifi yake, Asmahani, anayekaa Pangani mjini. Mama yao alipogawa vitu vyake kabla ya kufa, binti alipewa bonde na mwana alipewa minazi. Minazi imezeeka, haizai ila makuti. Bonde Sabiha alilima kwa idhini, na kila msimu idhini ile ilikuja na maneno.

Msimu uliopita mafuriko yalibeba kila kitu. Nyumba ya wakulima wa mpunga ikawa inanunua mchele dukani, tena kidogokidogo. Sabiha alikuwa akienda dukani kwa Badru saa za watu kulala mchana, akiuficha mchele ndani ya buibui kama kitu cha wizi. Siku moja alisahau mfuko kwenye meza, na Badru, ambaye hana ubaya ila hana adabu ya sauti, akatoka kibarazani akapayuka mtaa mzima ukasikia: "Bi Sabiha! Ile nusu kilo yako umeiacha!" Alirudi kuichukua. Kila mtu aliyekuwa kibarazani alijifanya anatazama angani, na jambo hilo lilimuuma kuliko kama wangecheka.

Sasa Asmahani alifika siku ileile ya bata. Alipita bondeni kwanza, akatazama jaruba la chini lililokanyagwa na kuliwa, ndipo akaja nyumbani, viatu mkononi.

"Hodi, wifi."

"Karibu, wifi. Shadya, mletee shangazi kiti."

"Sikai. Shamba la mama limekuwa hoteli ya bata, wewe unanikaribisha kiti?"

"Ni jaruba moja tu, wifi. Mengine yamebeba vizuri."

"Mwaka jana maji, mwaka huu bata, mwakani utaniambia ni majini." Asmahani alimtazama bata aliyefungwa. "Kuna kijana wa mtaa wa Mabawa anataka bonde alime tikiti. Nimemwambia angoje mavuno haya. Gunia zikiingia ndani, sawa. Zisipoingia, wifi, nisilaumiwe. Na huyu mbona hamjamkaanga?"

"Nangoja mwenyewe."

Asmahani alimgeukia kaka yake. "Hatibu, mkeo mzima?"

"Alhamdulillahi," alisema Hatibu, jibu ambalo halikumkosea mtu yeyote.

Asmahani alipoondoka, Sabiha aliingia jikoni akakaa karibu na bata. Kukosa bonde hakukuwa kukosa chakula tu. Alikuwa ameingia bonde lile akiwa bibi arusi, alijua kila jaruba maji yake yanapoingilia, na alipolifikiria likiwa na tikiti alisikia kulia. Hakulia. Alimpa bata maji kwenye kifuu.

*

Mwenye bata alikuja alasiri, juu ya bodaboda, viatu vya mpira mpaka magotini na darubini shingoni. Jina lake Loveness, msichana wa Soni milimani, aliyekuwa na wenzake kwenye bwawa la juu kwa miezi akiwavisha ndege pete. Kila mtu Mwera alimjua, maana hakuna mwingine aliyeamka mapema kwa ajili ya bata. Habari ilipomfikia kwamba kuna bata mwenye pete kwa Bi Sabiha, aliacha chakula mezani.

"Hodi! Shikamoo, mama. Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu Sabiha. "Wewe ndiye mwenye bata?"

"Ndiye mimi!" alisema Loveness kwa furaha, na hapohapo akawa ameshindwa nusu ya kesi ambayo hakujua kama ipo.

Alipiga magoti mbele ya bata, akasoma namba kwenye pete, akatabasamu kama aliyekutana na mwanafunzi mwenzake. "Huyu tulimvisha mwanzoni kabisa! Asante sana, mama. Hujui umenisaidia kiasi gani. Watu wengi wakimpata wanamla tu, pete wanatupa."

"Sisi si watu wa kula kuku wa watu," alisema Sabiha. "Sasa niambie. Pete hii ya nini?"

"Ni ya kujua maisha yao, mama. Tunamvisha leo. Mwakani akionekana, tunajua yu hai. Akionekana mbali, tunajua alikokwenda."

"Mimi nakuambia alikokwenda. Alikwenda shambani kwangu."

Loveness alicheka. Alipoona yuko peke yake katika kucheka, aliacha.

"Jaruba zima, mwanangu. Yeye na wenzake. Wamekula, wamekanyaga. Wewe ndiye mwenyewe, umekiri mwenyewe mbele ya mume wangu. Basi unanifidiaje?"

"Mama, mimi si mwenyewe wa kumfuga. Huyu ni ndege wa porini."

"Na pete?"

"Pete ni yetu, lakini ndege—"

"Pete yenu, mguu wa nani?"

Msichana aliigeuza pete mguuni mwa bata. Chuoni alifundishwa kupima mabawa, kutambua dume na jike, kufungua wavu bila kuvunja unyoya. Swali hili halikuwamo. Hatibu alimwonea huruma akamletea kiti, na kiti kile Loveness alikikalia kwa uzito wa mshitakiwa.

*

Kesi ilisikilizwa kesho yake kwenye banda la mashine ya kukoboa, kwa kuwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Masoud, ndiye mwenye mashine, na hakupenda kuiacha. Aliizima, akajikung'uta pumba kwenye nyusi, akakaa juu ya gunia. Watu walijaa mpaka mlangoni. Bata naye aliletwa, kwapani mwa Sabiha, kichwa juu.

"Binti," alianza Mzee Masoud, "pete ni yenu?"

"Ni yetu, mzee. Lakini pete si alama ya umiliki. Ndege hawa ni wa Mungu."

"Wa Mungu hawana namba," alisema Mzee Masoud, na banda likacheka. "Kuku nao ni wa Mungu, lakini akila mpunga simwendei Mungu, namwendea mwenye kitambaa. Ulipomvisha, nani alikutuma?"

"Ni kazi yetu."

"Basi na kujibu ni kazi yenu."

Loveness alijaribu tena, kwa heshima. "Lakini mzee, bata wamekula mpunga bonde hili kabla sisi hatujazaliwa. Sisi hatukuwaleta."

Hilo lilikuwa neno zito, na watu waliguna kulikubali. Sabiha alihisi bonde linamponyoka mbele ya macho yake, tikiti zinatambaa. Ndipo Hatibu, aliyekuwa amesimama nyuma bila kutarajiwa na mtu, akakohoa.

"Samahani, mwenyekiti. Mimi nataka kujua tu. Bata mwitu simjui mtu anayeweza kumshika, ila mke wangu jana, na huyo alikuwa amevimbiwa. Nyinyi mnawashikaje?"

"Tunatega wavu bwawani," alisema Loveness. Alikuwa msichana mkweli, na ukweli siku hiyo haukuwa upande wake. "Tunamwaga chenga za mchele, wanazoea, wanaingia."

"Kila siku?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni."

"Na sasa mnamwaga?"

"Hapana, tumemaliza kuvisha. Tuliacha wiki iliy..." Akasita. Aliona mwenyewe maneno yake yanakokwenda, akashindwa kuyarudisha.

"Bata wameanza kuingia kwangu wiki iliyopita," alisema Sabiha polepole. "Kwa hiyo mmewazoesha kula mchele, wakanogewa, halafu mkawanyima. Wao wafanyeje? Wamekuja kwangu kumalizia."

Banda zima lilipiga makofi. Hata bata alipiga mluzi.

"Hii sasa ni kesi," alisema Mzee Masoud, macho yakimng'aa. "Uzembe wa wazi! Na hizo chenga, binti, mlizitoa wapi?"

Loveness aliinamisha kichwa. "Hapa, mzee."

"Hapa wapi?"

"Hapa kwenye mashine yako. Kila wiki ulituwekea magunia. Ulisema hata za mtama zipo, bata wakitaka kubadilisha."

Watu wote walimgeukia mwenyekiti. Mzee Masoud aliipangusa pumba kwenye nyusi kwa mara ya pili ingawa haikuwapo. Kicheko kilianza mlangoni kikaja mpaka mbele, na yeye mwenyewe, baada ya kujikaza kadiri alivyoweza, kikamshinda.

"Basi sikilizeni," alisema alipopata pumzi. "Mwenye bata atalisha bata wake, kwao bwawani, asubuhi na jioni, mpaka Bi Sabiha avune. Na chenga..." Alimeza mate. "Chenga zitatoka hapa."

"Bure?" aliuliza Hatibu.

"Hatibu, wewe leo umeamka vibaya."

"Bure, mwenyekiti?"

"Bure," alisema Mzee Masoud, kama mtu anayeng'olewa jino.

*

Loveness alilisha. Mwanzoni alilisha kwa aibu, maana wenzake kambini walianza kumwita mama bata, kisha aibu ikaisha. Bata walirudi bwawani kundi zima, wakila huku wanapiga miluzi, na yeye akakaa kwenye majani na darubini akisoma namba za pete mguu hadi mguu, kazi ambayo wavu ulikuwa umempa kwa tabu. Jioni alipitia kwa Bi Sabiha kunywa chai na kutoa taarifa.

"Leo wamekula vizuri?"

"Wamekula, mama."

"Hakuna aliyetoroka?"

"Hakuna niliyemwona."

"Endelea hivyohivyo."

Sabiha alipoona jaruba zake zimelala kwa amani, alisema mfungwa wa nguzo ya jiko aachiliwe. Walikuwa wameshazoeana. Alikuwa akimsimulia bata habari za wifi yake wakati anapika, na bata alikuwa msikilizaji mzuri kuliko Hatibu. Siku ya kumfungua, Loveness alisimama kando akiandika uzito wake, na Sabiha akaingia naye jikoni mara moja "kumpa maji ya mwisho". Hatibu aliyekuwa mlangoni alimwona mkewe ana sindano na uzi wa nailoni, anamshonea bata kipande cha kanga nyekundu kwenye ule mguu wa pili, chembamba, kimebana vizuri.

"Mama Shadya, yule binti atakasirika."

"Nyamaza. Amekaa kwangu, amekula kwangu. Atatokaje kwangu hivihivi, kama hana kwao?"

Alimrusha mwenyewe, kwa haraka, kabla Loveness hajainua macho kwenye daftari. Bata alizunguka juu ya nyumba mara moja akaelekea bwawani. Sabiha alisema moshi wa jiko umemwingia machoni, na kweli jiko lilikuwa limezimwa tangu asubuhi.

*

Mavuno yalikuja, na gunia ziliingia ndani mpaka Shadya akakosa pa kulala. Asmahani alialikwa kula mchele mpya. Alikula sana, akasifu samaki, akasifu nazi, kuhusu bonde hakusema kitu. Alikuwa bado anasafisha meno kwa njiti, na Sabiha bado anangoja, simu ya Shadya ilipolia. Alikuwa Loveness, kwa sauti ya juu mpaka haikuhitaji kuwekwa spika.

"Mama! Bata wetu yu hai! Ameonekana Kahe, kule chini ya Moshi! Ni mbali kuliko bata yeyote niliyemvisha! Wamenitumia picha, ni namba yake kabisa!"

"Mashaallah!" Sabiha alisimama. "Mzima? Amenenepa?"

"Mzima. Lakini, mama..." Sauti ilishuka. "Ana kitambaa chekundu mguuni."

Sabiha alitazama ukuta. Hatibu alitazama mkeka.

"Aliyemkamata ni mama mmoja anaitwa Elizabeti, ana shamba la mpunga. Anasema ameliwa jaruba zima. Nimemweleza habari za pete, anasema pete hazijui, ila kitambaa anakijua, hata kwao kuku wanafungwa vitambaa. Amemfunga kwenye nguzo. Anasema mwenye kitambaa aje."

"Mama? Simu imekatika?" aliuliza Loveness.

"Kana, wifi," alinong'ona Asmahani. "Sema si wako. Kitambaa chekundu kiko dunia nzima. Kahe ni mbali, atakujua nani?"

Ilikuwa kweli, na Sabiha alijua ni kweli. Aliwaza gunia zake, aliwaza miezi iliyo mbele, aliwaza nusu kilo ya Badru. Kisha akamwaza yule mwanamke wa Kahe asiyemjua, amekunja kanga magotini, amesimama mbele ya jaruba lililokanyagwa, na pengine naye ana wifi.

"Mwambie ni wangu," alisema kwenye simu. "Mwambie nashukuru hakumla. Ampe maji, anapenda kwenye kifuu. Mimi naleta."

Alikata simu akaingia ndani. Alijaza kiroba mchele mpya kwa mikono yake, bila kupima, akaufunga mdomo wake kwa kipande cha kanga nyekundu ileile, ili Mama Elizabeti asipate shaka. Alipotoka, Asmahani alikuwa amesimama, viatu vimevaliwa, anamtazama kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama tangu ndoa.

"Msimu ujao panda mapema, wifi," alisema Asmahani. "Jaruba la chini lina maji mengi, liinue kidogo."

"Na kijana wa tikiti?"

"Tikiti nazo ni chakula?"

Sabiha alijitwika kiroba kichwani akaelekea kituo cha basi. Njia fupi hupita nyuma ya msikiti. Yeye alishika njia ndefu, ya dukani, katikati ya mchana, buibui limeachwa nyumbani, mzigo uko wazi juu na kitambaa chekundu kinapepea. Badru alitoka kibarazani.

"Bi Sabiha! Mchele wote huo unaupeleka wapi?"

Alisimama. Alingoja kila aliyekuwa kibarazani ageuze uso.

"Kahe," alisema kwa sauti ambayo hata Badru mwenyewe asingeifikia. "Bata wangu amekula mpunga wa watu."